Damu ya mfugaji: Kinga ya jana, ugonjwa wa leo

LOKITAUNG ni jina ambalo Wakenya wengi walilisikia kwa mara ya kwanza mwaka wa 1953, serikali ya mkoloni ilipowafungia huko Mzee Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria. Mkoloni alijua alichokuwa akifanya. Kituo hicho kiko kaskazini kabisa mwa Turkana, mbali hata na mji wa Lodwar, katikati ya vilima vya mawe na mito ya mchanga ambako jua halina huruma na mvua huja kama mgeni aliyepotea njia. Mfungwa hakuhitaji kujengewa ukuta mrefu. Akitoroka, kiu ingemrudisha.

Hata hivyo, nchi hiyo hiyo iliyokuwa jela kwa watu wa milimani ilikuwa nyumbani kwa wengine. Wafugaji wa Turkana walipita na ngamia, mbuzi na punda wao kama walivyopita tangu zamani, akina mama wakitembea mwendo mrefu kufuata kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Walikula nini? Maziwa, damu na nyama, na siku nyingine maziwa peke yake. Mtu wa Nairobi akijaribu maisha hayo kwa wiki mbili tu atatafutwa kwa machela.

Siri ya maumbile hayo imeanza kufichuliwa na wanasayansi, na ni kisa kinachomhusu kila mzazi anayelea watoto mjini, awe Mturkana au la. Ukikifuata kisa hiki hadi mwisho, kitakutoa Lokitaung, kikupeleke kwenye nyika baridi za Ulaya, kisha kikurudishe hapa karibu, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Kwa hivyo, msomaji, vuta kiti.

Mwezi Septemba mwaka wa 2025, jarida mashuhuri la Science lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwemo Julien Ayroles na Amanda Lea. Walisoma kwa ukamilifu jeni za watu 367 kutoka Turkana na maeneo jirani. Jeni, kwa wale waliosahau masomo ya bayolojia, ni zile chembe za urithi tunazopewa na baba na mama, ambazo huuambia mwili ujijenge vipi na ufanye kazi vipi.

Watafiti hao walikuta sehemu nane katika urithi wa Waturkana zenye alama ya kuchujwa na mazingira kwa maelfu ya miaka. Alama iliyo wazi zaidi ilikuwa karibu na jeni inayoitwa STC1, ambayo hufanya kazi katika figo. Mwili ukikosa maji, ubongo hutuma homoni ya kuziamuru figo zishike kila tone. Jeni hii huitikia amri hiyo. Aidha, inadhaniwa kwamba husaidia kuzilinda figo dhidi ya takataka zinazotokana na ulaji wa nyama na damu kwa wingi, takataka ambazo kwa watu wengine huleta ugonjwa wa jongo, ule wa kuvimba kidole gumba cha mguu.

Katika utafiti huo, takriban watu tisa kati ya kila kumi waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji mwilini kwa vipimo vya daktari, na bado walikuwa wazima kwa jumla. Kati ya asilimia 70 na 80 ya chakula cha mfugaji wa huko hutoka kwa mifugo. Kitabu chochote cha lishe kingesema mtu huyo awe mgonjwa.

Jambo hili lilitokeaje? Hakuna muujiza hapo. Miaka ipatayo 5,000 iliyopita, nchi ya kaskazini ambayo zamani ilikuwa na majani na maziwa makubwa ilianza kukauka. Ni wakati huo huo ambapo ufugaji ulishika mizizi kandokando ya Ziwa Turkana. Hata leo, anayesafiri kutoka Lodwar kwenda Kalokol huoneshwa nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji hao wa kale. Ukame ulipozidi, aliyezaliwa na figo hodari za kubana maji aliishi, akaoa, akapata watoto. Aliyezikosa alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuacha kizazi. Rudia hesabu hiyo kwa vizazi mia mbili na utapata watu ambao jangwa limewachagua.

Sasa ndipo mambo yanapogeuka.

Turkana ya leo si ile ya mwaka 1953. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, imekua ikawa mji. Lodwar imekuwa makao makuu ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na mafuta yaliyogunduliwa upande wa Lokichar mwaka wa 2012 yalileta malori, hoteli na ajira za vibarua. Ukame nao umewanyang'anya wengi mifugo yao. Vijana wamehamia madukani, kwenye bodaboda, wengine wamefika Kitale na Nairobi. Mjini hakuna haja ya kutembea kilomita ishirini kufuata maji. Kuna ugali, chapati, mafuta ya kukaangia na soda baridi kila kona.

Mwaka wa 2020, kundi hilo hilo la watafiti lilichapisha matokeo ya kuwapima Waturkana watu wazima 1,226 katika maeneo 44. Waliobaki na mifugo walikuwa na afya nzuri ya moyo na mishipa. Hata wale walioacha ufugaji lakini wakabaki kijijini hawakuwa na tofauti kubwa nao. Waliohamia miji ndio waliobadilika: unene, shinikizo la damu, na dalili nyingine zinazotangulia kisukari na ugonjwa wa moyo. Tena aliyezaliwa na kukulia mjini alikuwa katika hatari zaidi kuliko aliyehamia akiwa mtu mzima. Wazazi, hapo pana jambo la kufikiriwa. Mwili uliotengenezwa kwa ajili ya njaa na kiu unapomwagiwa sukari kila siku, haujui la kufanya nayo.

Wataalamu huliita jambo hili kutopatana kwa urithi na mazingira. Na Waturkana si watu wa kwanza duniani kupatwa nalo.

Wafugaji wa upande wa pili

Karibu wakati ule ule, miaka 5,000 iliyopita, kulikuwa na wafugaji wengine mbali sana na hapa. Waliishi katika nyika pana za majani ambazo leo ni sehemu za Ukraine, kusini-magharibi mwa Urusi na magharibi mwa Kazakhstan. Wanahistoria huwaita Wayamnaya. Walifuga ng'ombe na kondoo, wakasafiri kwa magari ya kukokotwa, na hatimaye wakaenea Ulaya, hasa kaskazini, wakichanganya damu na wenyeji.

Mwezi Januari 2024, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa vyuo vikuu vya Copenhagen, Cambridge na Oxford, miongoni mwao Eske Willerslev na Lars Fugger. Walichukua chembe za urithi kutoka mifupa na meno ya watu wa kale, wakazilinganisha na za maelfu na maelfu ya Waingereza wa sasa. Walitaka kujua ni wapi Wazungu wa kaskazini walipata jeni zinazowafanya waugue kwa urahisi maradhi ya neva yaitwayo maltipo sklerosisi. Jibu lilikuwa: kwa Wayamnaya.

Inafaa tuueleze ugonjwa huu, kwa sababu huku kwetu haufahamiki sana na anayeupata mara nyingi hupelekwa kwa mganga kabla ya kufika kwa daktari. Madaktari huuita kwa kifupi MS. Jina lenyewe lina maana ya makovu mengi, na makovu hayo yako katika ubongo na uti wa mgongo. Neva zetu ni kama nyaya za umeme, na kila waya una ganda la mafuta linaloulinda. Katika MS, askari wa mwili, yaani kinga yetu wenyewe, hukosea adui na kulishambulia ganda hilo. Waya ukibaki uchi, habari zinazotoka ubongoni huchelewa au hupotea njiani.

Basi mtu, aghalabu kijana wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, huamka asubuhi moja jicho moja limefifia na linauma akiligeuza. Baada ya wiki kadhaa linapona lenyewe. Miezi inapita. Halafu miguu inakuwa na ganzi, au mkono unashindwa kushika kikombe, au anachoka kupita kiasi bila kazi yoyote, au mkojo unamponyoka. Nako kunapoa. Kuja na kuondoka huku ndiko kunakowachanganya watu. Jirani husema amerogwa, mwajiri husema ni mvivu, na mume, Mungu atusamehe, husema anajifanya. Duniani kote kuna watu wapatao milioni 2.9 wenye ugonjwa huu, na wengi zaidi wako Ulaya ya kaskazini na Marekani ya Kaskazini.

Kwa nini jeni mbaya hivyo zisingefutika zamani? Maelezo ya watafiti ni kwamba hazikuwa mbaya. Mfugaji wa nyika aliishi karibu na wanyama mchana na usiku, akanywa maziwa yao, akavuta pumzi yao, akapata vijidudu vyao. Kinga kali, inayorusha ngumi kwanza na kuuliza baadaye, ilimwokoa. Leo mjukuu wake anaishi Copenhagen katika nyumba safi, maji ya bomba, ng'ombe humwona kwenye picha. Kinga kali bado ipo, lakini adui waliozoeleana hawapo. Katika watu wengine hugeuka na kumpiga mwenye nyumba.

Mfugaji wa Lokitaung na mfugaji wa nyika za Ulaya hawakuwahi kuonana, wala jeni zao hizi si zile zile. Mmoja alipewa figo za kubana maji, mwingine kinga ya kupigana na vijidudu. Lakini ukisoma visa vyao kimoja baada ya kingine, ni kama unasoma barua mbili zilizoandikwa na mtu mmoja.

Fundo la Kampala

Hata hivyo, jeni peke yake haileti MS. Kuna Wazungu chungu nzima walioirithi na hawajawahi kuugua hata siku moja. Lazima kuwe na kichocheo, na hapo ndipo hadithi inaporudi Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1957, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa na mwenzake katika hospitali ya Mulago kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akaona mwingine, na mwingine. Burkitt alitambua kuwa ni saratani ya aina moja, na mwaka uliofuata akaiandika. Mwaka wa 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili rafiki zake, wakasafiri maelfu ya maili kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Ikadhihirika kwamba saratani hiyo hufuata nchi za joto na mvua, zile zile za malaria. Nyanza ilikuwamo. Pwani ilikuwamo. Nchi kavu na milima ya baridi haikuwamo.

Mapema mwaka huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye alitoka mle ukumbini akiwa ameamua kuacha kazi nyingine. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kisha, mwezi Desemba 1963, ukungu ukaizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika maabara ikiwa imechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angeimwaga. Epstein alitazama tone lake kwa hadubini, akaona seli za uvimbe zikielea zikiwa hai.

Kutokana na seli hizo, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong waliona mwaka wa 1964 virusi ambavyo havijawahi kuonekana. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr. (Achong, mzaliwa wa Trinidad, ambaye hadubini ya elektroni ilikuwa mikononi mwake, hakuachiwa nafasi katika jina hilo. Mtoto wa Uganda aliyetoa uvimbe, ndiyo kabisa.)

Virusi hivi huenea kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo. Pengine wewe unayesoma unavyo. Hukaa kimya ndani ya seli za kinga maisha yote. Kwa miaka mingi madaktari walishuku kwamba vina mkono katika MS, ila ni vigumu kumshtaki mtu ambaye yuko katika kila nyumba. Unahitaji kumpata ambaye bado hajatembelewa.

Ushahidi ulipatikana katika damu ya wanajeshi. Jeshi la Marekani huwapima askari wake mara kwa mara na kuhifadhi damu yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Alberto Ascherio na Kjetil Bjornevik, walipitia rekodi za vijana zaidi ya milioni 10, wakapata 955 walioingia katika MS wakiwa kazini. Kati ya 801 ambao damu yao ilitosha kuchunguzwa, ni mmoja tu ambaye hakuonekana kuwa na virusi vya Epstein-Barr kabla ya kuugua. Hatari ya MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa. Virusi vingine vinavyoenea kwa njia kama hiyo havikuongeza chochote. Hayo yalichapishwa Januari 2022. Mwezi huo huo, wataalamu wa Stanford walionesha kwamba kipande kimoja cha virusi hivi hufanana na protini iliyomo katika mfumo wetu wa neva. Askari anayefundishwa kumkamata mwizi anaishia kumkamata ndugu yake anayefanana naye.

Msomaji makini atauliza: kama karibu sote tunavyo virusi hivi, mbona MS haijajaa Turkana na Kisumu? Jibu moja ni zile jeni za nyika, ambazo huku ni haba. Jua nalo linatajwa, maana nchi zenye jua kali huwa na MS kidogo. Lakini lipo jambo la tatu, nalo ni umri wa kuambukizwa. Huku kwetu kijiko ni kimoja, kikombe ni kimoja, na mtoto hubebwa na kila shangazi. Uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya, Kisumu na Nandi, ulionesha watoto wengi wakiambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mtoto mchanga hupita nayo bila hata homa ya kutajwa. Ulaya na Marekani, ambako kila mtu ana kikombe chake, wengi huambukizwa wakiwa vijana, na kijana huugua kweli: koo, matezi, uchovu wa wiki nzima. Walioambukizwa hivyo ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kupata MS baadaye. Maambukizi ya mapema nayo si baraka tupu, kwani yakikutana na malaria ndiyo yanayofungua mlango wa ile saratani ya taya.

Hapa ndipo familia za mjini zinapoingia. Watafiti wa London waliandika mwaka wa 1990 kuhusu watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliotoka Afrika, India na visiwa vya Karibi. Wazazi walikuwa na MS kidogo sana. Watoto wao waliikaribia hali ya Waingereza wenyewe. Kizazi kimoja tu! Na huko California, utafiti wa mwaka wa 2013 ulikuta wanawake weusi wakipata MS kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake weupe, jambo lililowashangaza madaktari waliofunzwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa hiyo asije mtu akamwambia binti yako wa chuo kikuu, ambaye jicho limefifia na miguu ina ganzi, kwamba Mwafrika hawezi kuupata. Apelekwe kwa daktari wa neva na apigwe picha ya ubongo ya MRI.

Kuwahi kuna faida. MS haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini zipo dawa za kupunguza mashambulizi na kuokoa neva zisiharibike. Mwezi Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliziingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu. Mojawapo, rituximab, tayari inajulikana kwa madaktari wa saratani. Huangamiza zile seli za kinga ambamo virusi vya Epstein-Barr hupenda kujificha, na huenda hilo si sadfa. Tabu ni bei, na umbali. Mgonjwa wa Lokitaung lazima kwanza afike Lodwar, kisha asafiri mamia ya kilomita zaidi kumfuata daktari wa neva.

Watafiti wa jeni za Turkana wamesema wanaandaa vipindi vya kusikilizwa kwa lugha ya Kiturkana, ili waliotoa damu wajue damu hiyo imesema nini, na wajihadhari wanapohamia mjini. Ni heshima ambayo mtoto wa Mulago hakuipata. Wakati huohuo, chanjo za virusi vya Epstein-Barr zimeanza kujaribiwa kwa binadamu huko Marekani, na wenye pesa wana hamu nazo kwa sababu ya MS. Zikifaulu, zitahitaji kupewa mtoto kabla virusi havijamfikia. Kwa Mmarekani hiyo inaweza kuwa wakati wowote kabla ya ujana. Kwa mtoto wa Kisumu, ambaye uvimbe wa wenzake ndio ulioanzisha kazi yote hii, ni katika miezi michache ya kwanza ya maisha, na sindano hiyo itabidi iwe imeshafika kliniki yake.